Maduara yasiyojibu ndiyo yanayokosekana kwenye ramani za dhahabu Tabora

Kwenye machimbo ya huku kwetu Tabora, kuanzia Nzega na Igunga mpaka kule Kitunda wilayani Sikonge, zimeanza kuzunguka ramani za rangi. Mtu anakuja na laptopu, anafungua programu, anawaonyesha wenye leseni eneo lao limejaa madoa mekundu, ya njano na ya bluu, alafu anasema pale penye wekundu ndio kompyuta imetabiri dhahabu ipo. Kuna kikundi cha wachimbaji ninachokifahamu walichangishana hela wakalipia ramani ya hivyo, wakahamisha matimba yao, yale magogo ya kuzuia shimo lisibomoke, wakaenda kufungua duara, yani shimo la kuchimbia dhahabu, kwenye doa jekundu, wakashuka mpaka maji yakawazuia na hawakupata kitu cha maana, na aliyewauzia hakuwahi kurudi kuuliza walikuta nini huko chini. Hilo la kutorudi kuuliza linaniuma kuliko lile la kukosa dhahabu. Kukosa ni kawaida ya kazi hii, ila duara likichimbwa lisijibu, yani lisitoe dhahabu, na hakuna aliyeandika popote, ile hela na lile jasho vimepotea mara mbili.

Mi ni mtu wa ramani, hizi programu nazitumia na nazithamini sana. QGIS, programu ya kuchora na kuchambua ramani, ni ya bure, unaishusha kwenye kompyuta ya kawaida kabisa na unafanya kazi ambayo miaka ya nyuma ilikuwa ya makampuni makubwa tu. Kwahiyo siandiki hapa kuwakatisha watu tamaa na teknolojia. Ninachosema ni kwamba tatizo letu sio programu wala hesabu zake, tatizo ni kile tunachoilisha, na kitu kikubwa kabisa tunachoinyima ni taarifa za sehemu ambazo watu walichimba wakakosa.

Nianze na jinsi utabiri wenyewe unavyofanyika maana wengi wanauziwa bila kuelezwa. Dhahabu ya Nzega haijamwagwa tu ovyo ardhini. Ipo kwenye ukanda wa mawe ya kijani, mawe ya zamani mno yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, na mikanda ya aina hiyo ndiyo iliyobeba Geita, Bulyanhulu na kule Sekenke, Iramba, ambako Wajerumani walikuwa wanachimba tangu 1909. Ndani ya mikanda hiyo kulitokea mipasuko mikubwa, mawe yakasagwa na kuburutwa, maji ya moto kutoka chini yakapanda kupitia hiyo mipasuko yakiwa yamebeba dhahabu iliyoyeyuka, na yalipokutana na mawe yenye chuma kingi kemia ikabadilika dhahabu ikajishika hapo pamoja na mawe meupe ya kwatzi na madini ya salfa. Ule mgodi wa Golden Pride pale Nzega, mgodi mkubwa wa kwanza wa kisasa wa dhahabu kufunguliwa nchini mwishoni mwa miaka ya 1990, ulikuwa umekaa juu ya mpasuko wa namna hiyo hiyo na ukatoa zaidi ya wakia milioni 2 kabla haujafungwa.

Sasa mtabiri anachofanya ni kuchukua vile vitu vinavyoambatana na dhahabu na kuvigeuza kuwa matabaka ya ramani. Tabaka la aina za mawe, tabaka la umbali kutoka kwenye mipasuko, tabaka la usumaku uliopimwa na ndege, la sampo za udongo, la picha za setilaiti, na juu yake anaweka nukta za machimbo yanayojulikana. Alafu anaiuliza kompyuta, hizi nukta zinapenda kukaa wapi kuliko ilivyotegemewa?

Njia moja ya zamani na nzuri ya kujibu hilo swali inaitwa uzani wa ushahidi. Ilianza kwenye udaktari, watu walikuwa wanapiga hesabu dalili fulani inaongeza kiasi gani uwezekano wa mgonjwa kuwa na ugonjwa fulani, na mwaka 1988 Bonham-Carter, Agterberg na Wright wakaipeleka kwenye dhahabu ya Nova Scotia kule Kanada. Hesabu yake inaeleweka hata bila shule kubwa. Tuchukulie una eneo umeligawa visanduku 10,000 na ndani yake kuna machimbo 20 yanayojulikana. Visanduku 2,000 viko karibu na mpasuko, na machimbo 12 kati ya yale 20 yako humo. Maana yake karibu na mpasuko una machimbo 6 kwa kila visanduku 1,000, mbali na mpasuko una machimbo 8 kwenye visanduku 8,000, yani 1 kwa kila 1,000. Mpasuko umeongeza nafasi mara sita. Hapo umepata ushahidi wa kweli, hakuna uchawi.

Ila angalia tena hiyo hiyo namba. Kwenye sehemu nzuri, ile iliyopakwa rangi nyekundu, visanduku 994 kati ya 1,000 havina mgodi. Ongeza tabaka la mawe ya chuma, ongeza sampo za udongo, tuseme matabaka yote kwa pamoja yamekupandisha mpaka 20 kwa 1,000, hiyo itakuwa ramani nzuri sana ya kujivunia, na bado ukisimama kwenye kisanduku chekundu una nafasi 98 kwa 100 za kutokuta mgodi. Kampuni kubwa inaweza kuishi na hiyo hesabu kwasababu inapima sehemu nyingi kwa bei ndogo ndogo, inachukua udongo, inachimba mitaro, inachoronga, yani inatoboa mwamba kwa mtambo, mashimo mengi, inatupa nyingi inabakiza chache. Mchimbaji mdogo mwenye hela ya duara moja hawezi. Yeye akiambiwa pekundu anasikia ipo. Rangi haimwambii kwamba hapo ni 2 kwa 100, na huyo anayeuza ramani mara nyingi hata namba zenyewe haonyeshi, anaonyesha wekundu tu.

Na kuna ishu nyingine kwenye zile namba. Nimesema visanduku 2,000 viko karibu na mpasuko, 12 vina machimbo. Vile 1,988 vilivyobaki je? Kompyuta inavihesabu kama havina kitu. Lakini nani amechimba huko akathibitisha havina kitu? Vingi havijaguswa na mtu. Vichache vimechimbwa na vikakosa. Vingine pengine vina dhahabu nzuri tu imefunikwa. Kwenye data vyote vinaonekana sawa, sifuri, na hii ni tofauti kubwa mno kuipoteza, maana sehemu ambayo haijachimbwa ni swali, na sehemu iliyochimbwa ikakosa ni jibu. Tunachanganya maswali na majibu kwenye kapu moja alafu tunashangaa kwanini utabiri unayumba.

Wataalamu wa hizi mashine za kujifunza, yani programu zinazojifunza kutoka kwenye mifano, wanalijua hili tatizo. Wanapokosa nukta za kukosa wanazitengeneza, wanachukua nukta za kubahatisha kutoka maeneo yasiyo na machimbo wanaiambia kompyuta hizi chukulia ni patupu. Inasaidia kidogo. Lakini wachimbaji wetu wa Tabora wanatengeneza nukta za kweli kila wiki, mashimo yenye kina, yenye mawe yaliyoonekana kwa macho na kupimwa kwa karai la kuoshea mchanga, yani ushahidi ambao kampuni ingelipa hela nyingi kuupata, na unaachwa unafukiwa na mvua.

Kukosekana kwa hizo nukta kunaleta upotofu mwingine. Machimbo tunayoyajua yamejulikana kwasababu watu walifika. Watu wanafika palipo na barabara, palipo na kijiji, palipo na mwamba uliotoka juu ya ardhi ukaonekana. Ukiipa kompyuta nukta hizo peke yake inajifunza kwamba dhahabu inapenda barabara na vilima vyenye mawe wazi. Hujaiambia hivyo, ila ndicho ilichokiona. Matokeo yake wekundu unarudi kulekule watu wanakokujua tayari, kwenye kona za zamani za Nzega, na sehemu zilizofunikwa zinabaki bluu milele.

Na huku kwetu sehemu zilizofunikwa ni nyingi sana. Anayeijua Igunga na mbuga za Wembere anaelewa, ni udongo mweusi mzito, kiangazi unapasuka masika unanasa trekta. Ule udongo umeletwa na maji, haukuzaliwa na mwamba ulio chini yake. Ukichukua sampo ya udongo juu ya mbuga ukaipeleka maabara ikarudi haina dhahabu, umepima udongo mgeni, mwamba wa chini hujaupima bado, na kwenye tabaka lako la ramani unakuwa umeandika hamna wakati ulitakiwa uandike sijapima. Mwenye pesa anatumia keekee au mashine anatoboa ule mweusi wote mpaka aguse mwamba uliooza ndio anachukua sampo. Upande wa pili kuna yale maeneo ya kokoto nyekundu za chuma, huko kinyume chake, dhahabu inaweza kutawanyika kwenye udongo ikaenda mbali na mama yake, unapata sampo zinang'aa kwenye eneo pana na mwamba wenyewe uko pembeni au ni mwembamba kama kidole. Kwahiyo namba moja ya maabara ina maana tatu tofauti kutegemea umesimama kwenye udongo gani, na ramani nyingi ninazoziona mtaani zimepuuza kabisa tabaka la udongo. Kama ningepewa nafasi ya kumshauri kijana anayeanza hii kazi Tabora ningemwambia kabla ya kugusa usumaku wala setilaiti chora kwanza wapi ni mbuga, wapi ni kokoto nyekundu, wapi mwamba umetoka nje.

Kingine ni vipimo. Leseni ya mchimbaji mdogo hapa Tanzania haizidi hekta 10. Ukiifanya mraba ni kama mita 316 kwa mita 316. Ramani za zamani za jiolojia zilichorwa kwa skeli ya 1 kwa 125,000, ambapo milimita moja kwenye karatasi ni mita 125 ardhini, kwahiyo leseni yako nzima kwenye hiyo ramani ni kama milimita 2.5. Mstari wa mpasuko uliochorwa na mjiolojia kwa kalamu unaweza kuwa na unene wa nusu milimita, hiyo tayari ni mita 60 na kitu, na yeye mwenyewe alipoukisia umepita chini ya mbuga alichora nukta nukta. Kuna watu wanachukua huo mstari wanaukuza kwenye laptopu mpaka unafika mlangoni kwa mtu wanamwambia chimba hapa. Kukuza picha hakuongezi taarifa hata chembe.

Usumaku wa ndege nao ni hivyo hivyo. Ule upimaji wa nchi nzima uliofanyika kati ya 1977 na 1980 ndege zilipita kwa mistari iliyoachana kilomita moja. Leseni ya mita 316 inaweza kukaa kabisa katikati ya mistari miwili, ndege haijawahi kupita juu yake, na zile rangi unazoziona hapo kompyuta imezijaza kwa kukisia kutoka mistari ya jirani. Sikatai, kwa kuona umbo la ukanda mzima data hiyo ni hazina, unaona kabisa mikunjo ya mawe na mipasuko mikubwa inavyokata, tatizo ni kuitumia kuchagua sehemu ya kuweka duara. Kuna maeneo yaliyorushiwa upya kwa mistari ya karibu zaidi, na Wizara ya Madini imekuwa ikisema takribani asilimia 16 tu ya nchi ndiyo iliyofanyiwa upimaji wa kina wa ndege na lengo ni kufika asilimia 50 ifikapo 2030. Hilo nalisubiri kwa hamu. Ila hata ndege ikipita karibu inapima usumaku wa mawe, haipimi dhahabu, dhahabu yenyewe haina usumaku wa kushikwa na kifaa angani. Unachokiona ni yale mawe ya chuma ambayo dhahabu inaweza kuwa imejishika nayo au haijajishika.

Setilaiti ndio imeuzwa vibaya kuliko zote. Hakuna setilaiti inayoona dhahabu. Mwamba wa gramu 2 kwa tani ni sehemu 2 kwa milioni, kisanduku kimoja cha Landsat ni mita 30 kwa 30, cha Sentinel-2 kwenye bendi zake nzuri ni mita 10, na chochote kinachoonekana ni cha juu juu kabisa ya ardhi. Kinachowezekana ni kuona udongo wa mfinyanzi uliotokana na mawe kubadilishwa na yale maji ya moto, au kutu ya chuma, na hapo kifaa cha setilaiti kinachoitwa ASTER kilikuwa kizuri sana kwa bendi zake za mawimbi mafupi ya infraredi, ila kihisio cha bendi hizo kiliharibika 2008, kwahiyo picha zake za maana kwa kazi hii ni za kabla ya hapo. Na huku kwetu kuna miombo. Sehemu kubwa ya mwaka setilaiti inakuonyesha majani ya miti. Ukitaka angalau uone ardhi chukua picha za mwisho wa kiangazi, na hata hapo moto wa nyika unakuwa umepita unaacha weusi ambao kompyuta inaweza kuusoma vibaya.

Afu kuna hii ya kuiachia programu itafute mistari yenyewe kwenye picha ikiamini kila mstari ulionyooka ni mpasuko. Tabora ina Reli ya Kati imenyooka maporini, ina mipaka ya hifadhi za misitu, ina kingo za mashamba ya tumbaku kule Urambo na Kaliua, barabara za vumbi, njia za umeme. Programu inavichukua vyote. Inatoa ramani ya msongamano wa mipasuko, na sehemu kali kabisa inakuwa ni pale reli inapokutana na barabara. Ni lazima mtu anayeijua ardhi akae afute mstari mmoja mmoja, na hiyo kazi haina njia ya mkato.

Ndugu zetu wa Kigoma wanauliza sana kwanini hizi ramani hazifanyi kazi kwao. Jibu ni kwamba sehemu kubwa ya Kigoma ina mawe mengine kabisa, mawe ya mchanga na ya tope na ya chokaa ya bonde la Malagarasi ambayo ni ya miaka ya baadaye sana, na utajiri wake wa kihistoria ni chumvi ya Uvinza. Ukifundisha kompyuta kwa machimbo ya Geita na Nzega alafu ukaipeleka Kasulu itapaka rangi tu, maana programu haikatai kupaka rangi, lakini imejifunza dhahabu ya mawe ya kijani ambayo hapo hayapo juu. Upande wa kusini kuelekea Mpanda kuna mawe mengine tena, dhahabu yake inatembea na shaba na risasi, nayo inataka kufundishwa kwa mifano yake yenyewe. Na angalizo dogo kwa wanaochora Kigoma, nyuzi 30 mashariki inapita ndani ya mkoa, mji wa Kigoma uko kanda ya 35 ya UTM, ule mfumo wa koordineti unaoigawa dunia kwa kanda, na Kasulu iko kanda ya 36, ukichanganya koordineti bila kubadilisha kanda nukta zako zinaruka mbali mno.

Hapa nigusie na wale wanaokuja na sifa ya ramani yangu ina usahihi wa asilimia 90. Muulize ameupimaje. Mara nyingi anachukua nukta za machimbo anaficha baadhi kwa kubahatisha, anafundisha kwa zilizobaki, anaangalia kama zile zilizofichwa zimeangukia kwenye wekundu. Lakini machimbo yanakaa kwa makundi, duara hili na lile yameachana mita 50 kwenye mwamba mmoja, ukificha moja na jirani yake yupo kwenye mafunzo kompyuta haijatabiri kitu, imekumbuka. Kipimo cha haki ni kuficha Nzega nzima, fundisha kwa Geita na Sekenke, alafu uone kama ramani ingekupeleka Nzega. Asilimia zitashuka, na hizo zilizoshuka ndizo za kweli.

Sasa watu watasema nimeonyesha mabaya tu. Basi nitoe mfano wa palipofanikiwa. Mwaka 2000 kampuni ya Goldcorp ya Kanada ilikuwa na mgodi wake Red Lake, Ontario, na haikuwa na uhakika ichimbe wapi zaidi. Mkurugenzi wake Rob McEwen akafanya kitu ambacho watu wa madini hawakifanyi, akaweka data zote za mgodi kwenye intaneti, kumbukumbu za kuanzia 1948, akatangaza zawadi za dola 575,000 kwa watakaoonyesha sehemu za kuchoronga. Waliojitokeza walitoka nchi nyingi, na washindi wa kwanza walitokea Australia, walitengeneza mfano wa pande tatu wa ule mgodi wakiwa kwao. Dhahabu ikapatikana. Hadithi hii inasimuliwa kila mahali kama ushindi wa kompyuta na wa watu wa mtandaoni, mi naisoma tofauti. Wale Waaustralia waliweza kwasababu kwa zaidi ya miaka 50 kila shimo lililochorongwa pale, lililopata na lililokosa, liliandikwa kina chake, mwelekeo wake, mawe yake na gramu zake. Shimo lililokosa lilikuwa na heshima sawa kwenye kabati na lililopata. Bila hivyo hiyo mifano ya pande tatu ingejengwa na nini?

Sisi hatuna kabati kama hilo kwa upande wa wachimbaji wadogo. Makampuni yenye leseni za utafiti sheria inawataka wapeleke ripoti na data zao serikalini, na Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini pale Dodoma, GST, ina kazi ya kuzitunza, na nawashauri vijana wazifuatilie hizo ripoti za zamani za maeneo ya Nzega maana kuna mashimo ya kukosa mengi mle yenye thamani kubwa. Lakini duara la mchimbaji mdogo halina ripoti. Rashi ikitokea, yani watu kukimbilia dhahabu mpya, watu wanajaa, maduara yanafunguliwa mamia, mengi hayajibu, watu wanahama, na baada ya masika miwili hata aliyechimba hakumbuki vizuri ilikuwa wapi. Miaka michache mbele kikundi kingine kinakuja na ramani ya rangi kinachimba palepale.

Kinachotakiwa kuandikwa ni kidogo sana. Sehemu ilipo, kina, tarehe, udongo wa juu ni wa aina gani na unene wake, waligusa mwamba au hawakugusa, mwamba wenyewe ni wa rangi gani na kama kuna mawe meupe yanaelekea upande gani, maji yalitoka kina gani, karai lilionyesha nini, na kwanini waliacha. Hilo la mwisho ni la lazima. Duara lililoachwa kwasababu mwamba ulipimwa ukakosa ni jibu. Duara lililoachwa kwasababu maji yalijaa au hela iliisha kabla ya kugusa mwamba, hilo bado ni swali, likiandikwa patupu litaidanganya kompyuta vibaya. Wale niliowataja mwanzo duara lao lilizuiwa na maji, kwa hiyo hata kusema doa jekundu lilidanganya hatuwezi, hatujui. Simu ya kawaida inatosha kuchukua koordineti, inakosea mita chache tu. Ila andika na mfumo wa koordineti uliotumia. Simu inatoa WGS84, ramani za zamani za Upimaji na Ramani ziko kwenye Arc 1960, na tofauti kati ya hizo mbili huku kwetu ni kama mita 300, yani upana wa leseni nzima. Nimeona ugomvi wa mipaka ambao chanzo chake kilikuwa hicho tu na watu walikaribia kukatana mapanga.

Kuna hoja moja ya kupinga ambayo naiheshimu. Wachimbaji wanaficha taarifa kwasababu wanaogopa, wakisema wanachokijua mwenye pesa atakuja kuomba leseni kubwa juu yao, na hofu hiyo imetokana na mambo waliyoyaona. Ndio maana nasema tuanze na yaliyokosa. Duara lililojibu mtu abaki nalo kifuani kwake, ni riziki yake. Lililokosa halina wivu, hakuna atakayekimbilia kuliombea leseni. Ushirika wa wachimbaji au chama chao cha mkoa kinaweza kushika daftari hilo chenyewe, kikampa mtabiri nukta za kukosa bila majina ya watu, kwa sharti kwamba ramani itakayotoka irudi kwao ikiwa na namba za uwezekano na ikiwa na rangi ya tatu ya maeneo ambayo hayajapimwa. Kijivu kiwe kijivu, kisipakwe bluu.

Mwingine anasema, haya yote ya nini wakati wazee wanajua kusoma mawe bila kompyuta. Ni kweli wanajua, na macho yao ndiyo yatakayojaza lile daftari, mzee anayeangalia kokoto za kwenye kijito akajua mwamba uko upande gani ana taarifa ambayo hakuna ndege itakayoipima. Tatizo ni kwamba ujuzi wake unaishia kwenye machimbo aliyoyatembea, akifa unaondoka naye.

Hili linakuwa la haraka zaidi kwasababu miaka ya karibuni STAMICO, shirika la madini la serikali, imenunua mitambo ya uchorongaji kwa ajili ya wachimbaji wadogo. Ni hatua kubwa, mchimbaji kuweza kutoboa akajua chini kuna nini kabla hajazika hela kwenye duara. Lakini mtambo ni ghali kuuendesha na mita za kuchoronga zitakuwa chache kila utakapofika. Pale Nzega wakiulizwa tuuweke wapi, leo wataonyesha leseni ya mwenye sauti kubwa au doa jekundu la kwenye laptopu ya mtu. Wenye daftari wataweza kuanza kwa kufuta, huku tulishachimba tukagusa mwamba ukakosa, huku tulizuiwa na maji tukiwa bado kwenye udongo mweusi, na mawe meupe tuliyoyaona kwenye duara la jirani yalikuwa yanaelekea upande huu. Mtambo uanzie hapo penye maji.